Vitamini D kwa kifaranga wa nyama: kwenye chakula cha mama, ndani ya yai, au kwenye stata?

Nilipokea vifaranga 400 wa nyama, na jirani yangu hapa Mlandizi akachukua 300. Siku moja, wakala mmoja, masanduku ya aina moja. Siku ya 16 wangu wakaanza kukaa. Hawakuwa wamelala kwa uvivu wa kuku aliyeshiba. Walikalia visigino, wakajivuta kwa mbawa hadi kwenye chakula. Wa jirani walikuwa wakikimbizana. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikarudi na kopo la vitamini za maji, nikawanywesha siku tano. Wengi hawakuinuka. Nilipochinja wawili na kuutoa mfupa wa muundi, niliukunja kwa vidole nikitarajia uvunjike. Ukapinda kama mpira.

Chanzo kilikuwa stata, yaani chakula cha wiki za mwanzo za kifaranga. Mtu aliyenichanganyia alipungukiwa, akajazia chakula cha kuku wa mayai bila kuniambia. Chakula cha kuku anayetaga kina kalsiamu ya karibu asilimia 3.5 hadi 4, wakati kifaranga wa nyama anahitaji karibu asilimia 1. Kalsiamu ikizidi hivyo huifunga fosforasi tumboni, figo huumia, na mfupa hukosa kiungo chake cha pili. Vitamini ya kopo haiwezi kurekebisha hesabu hiyo.

Miezi michache baadaye tulichukua vifaranga tena pamoja. Safari hii kila mmoja alikuwa na stata yake ya kiwandani, za kampuni mbili tofauti. Sote wawili tukapata viwete, katika siku zilezile. Stata tofauti, mabanda tofauti, kilichofanana ni vifaranga peke yao. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza habari za yai.

Kwa hiyo swali la ulinganisho huu ni la fedha: vitamini D ya miguu ya broila, yaani kuku wa nyama, iwekwe wapi? Wako wanaosema iwekwe kwenye chakula cha kuku wazazi. Wako wanaoipigia debe sindano ya ndani ya yai, siku tatu kabla ya kutotolewa. Sisi wafugaji tulio wengi tunaiweka kwenye stata na kwenye maji. Niseme mapema ninakoegemea: kwa mazingira yetu naweka chakula cha mama mbele, stata nzuri ya pili wala isiwe mbali, na sindano ya yai naiachia hachari (kiwanda cha kutotolesha vifaranga) ambayo tayari ina mashine yake. Sababu ni hizi.

Mfupa huanza kujengwa lini

Broila hutoka kwenye yai akiwa na gramu 40 na kidogo. Baada ya wiki tano ana zaidi ya kilo mbili. Mfupa unaobeba mzigo huo haukuanza kujengwa siku ulipofungua sanduku. Ulianza ndani ya yai, na karibu asilimia 80 ya kalsiamu ya kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, hutoka kwenye ganda. Kiinitete hukwangua ganda lake kutoka ndani, na vitamini D ndiyo inayosaidia kalsiamu hiyo kuvuka utando na kuingia kwenye damu. Fosforasi na madini mengine kama zinki, shaba na manganizi hutoka hasa kwenye kiini, na kufikia siku ya 17 akiba ya madini hayo kwenye kiini huwa imepungua sana. Siku nne za mwisho, ambazo kifaranga anahitaji nguvu ya kupasua ganda, ndizo siku ghala likiwa karibu tupu.

Vitamini D nayo ina safari yake. D3 ya kawaida, ile iliyoandikwa kolekalsiferoli kwenye lebo, hupita kwanza kwenye ini na kuwa 25-hidroksi-D3. Kisha hupita kwenye figo na kuwa umbo la mwisho linalofanya kazi. Mwaka 1978 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Sunde, Turk na DeLuca, walionyesha jambo ambalo kila mwenye kuku wazazi anapaswa kulijua. Kuku waliopewa lile umbo la mwisho peke yake walitaga kama kawaida, lakini viinitete vyao havikutotolewa na mdomo wa juu ulikuwa na kasoro. Mama alijitosheleza mwenyewe, ila hakuwa na cha kumpitishia mwanawe. Kinachovuka kwenda kwenye yai kwa manufaa ya kiinitete ni D3 na 25-hidroksi-D3. Zingatia pia D2, ambayo ni ya asili ya mimea na kuvu. Kwa kuku thamani yake ni ndogo mno ikilinganishwa na D3. Lebo ikisema "vitamini D" bila tarakimu, uliza ni ipi.

Kupitia kwa mama

Njia hii ndiyo ya zamani kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana, kwa hiyo hakuna anayeitangaza. Mwaka 2005 kundi la Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, lilichapisha majaribio ambayo kuku wazazi walilishwa viwango mbalimbali vya D3. Wale waliolishwa zaidi walipata watoto waliokua vizuri zaidi, wenye majivu mengi zaidi kwenye mfupa na matatizo machache ya miguu. Majivu ya mfupa ndicho kipimo cha maabara: unachoma mfupa mkavu, kinachobaki ni madini.

Faida yake ya kwanza ni kwamba vitamini inakuwepo tangu siku ya kwanza ya kiinitete, kabla hata ganda halijaanza kukwanguliwa, na si siku ya 18 kazi nyingi ikiwa imekwisha. Ya pili ni kwamba haihitaji sindano, wala tundu kwenye ganda, wala fundi wa mashine. Ya tatu ni bei. Kuku mzazi mmoja wa broila hutoa vifaranga zaidi ya mia katika maisha yake ya utagaji, hivyo gharama ya premiksi bora (mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula) inagawanyika kwa vichwa vingi.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, akiba ya mama humsaidia kifaranga wiki ya kwanza, labda na ya pili, kisha huisha. Kuku wazazi wachanga, ambao ndio kwanza wameanza kutaga, huweka kiini kidogo kwenye mayai yao, na watoto wao huanza na ghala dogo. Pili, na hili ndilo linalotuumiza, mfugaji hana mkono humo. Hujui wazazi walikula nini. Hesabu yenyewe ni ndefu: kiini cha yai hujazwa kwa kasi katika siku kama 10 za mwisho kabla ya kutagwa. Ongeza siku chache za kuhifadhi yai, 21 za kutotolesha, kisha siku 14 hadi 16 hadi miguu ianze kuonyesha kasoro. Premiksi mbovu iliyoingia kwenye chakula cha wazazi leo utaiona kwenye banda lako karibu siku 50 baadaye. Wakati huo gunia lenyewe limekwisha liwa na kusahaulika. Ndiyo maana hachari isiyoweka kumbukumbu za chakula cha wazazi haiwezi kukujibu hata ikitaka.

Kwa sindano ndani ya yai

Njia hii imezaliwa na chanjo. Mapema miaka ya 1980 ilionekana Marekani kwamba chanjo ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, inaweza kupigwa ndani ya yai la siku 18, na kufikia miaka ya 1990 mashine za kuchoma makumi ya maelfu ya mayai kwa saa zilikuwa zimeenea katika hachari kubwa za huko. Siku ya 18 ndiyo siku mayai yanapohamishwa kutoka mashine ya kuatamia kwenda mashine ya kutotolea, kwa hiyo ni rahisi kuyapitisha kwenye sindano njiani. Mwaka 2003 Zehava Uni wa Chuo Kikuu cha Hebrew na Peter Ferket wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walipata hataza ya kitu cha ziada: kupeleka lishe kwa njia hiyohiyo. Kiinitete cha umri huo humeza maji yanayokizunguka, kwa hiyo unachokiweka kwenye maji hayo anakinywa kabla hajazaliwa. Wazo ni zuri kweli, kwa sababu linaipiga ile siku ghala linapokaribia kuwa tupu.

Je, linajenga mfupa? Hapa ninamsihi mfugaji asome matangazo kwa utulivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi State, Marekani, wamejaribu kwa miaka kadhaa kuweka 25-hidroksi-D3 ndani ya yai pamoja na kimiminika cha chanjo. Matokeo ya kutotolewa na ya ukuaji yamekuwa ya kutia moyo katika baadhi ya majaribio. Ya mfupa yamekuwa mchanganyiko, mara yaonekane, mara yasionekane, kutegemea dozi, umri wa wazazi, na jinsi vifaranga walivyolishwa baada ya hapo. Vitamini C nayo imejaribiwa kwa hoja kwamba husaidia kolajeni, ule utando unaoshika madini ya mfupa. Lakini kuku hutengeneza vitamini C yake mwenyewe kwenye figo, na sijaona sababu ya mfugaji wa kawaida kulipia zaidi kwa ajili yake peke yake.

Tufanye hesabu ndogo. Chukulia sindano yenye mikrogramu 3. Mikrogramu moja ya D3 ni IU 40 (IU ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini), kwa hiyo kwa uzito hiyo ni sawa na IU 120. Kifaranga huyohuyo akila gramu 160 za stata wiki ya kwanza, na stata ina IU 5,000 kwa kilo, amepata IU 800. Ni kweli 25-hidroksi imekwisha kupita ini, kwa hiyo ina nguvu kuliko uzito wake, na imefika siku ambayo chakula hakijawezekana. Hata hivyo hesabu inaonyesha ukubwa halisi wa kitu unachouziwa. Ni kianzio kizuri, na kazi yote iliyobaki ni ya stata.

Hatari zake ni za kweli. Kila tundu kwenye ganda ni mlango wa bakteria na kuvu, na mashine ya kutotolea ni mahali penye joto na unyevu. Dawa iliyokolea kupita kiasi huua kiinitete. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta wala si kwenye maji, kwa hiyo haichanganyiki hivihivi. Chanjo ya Marek ni ya seli hai, inayotunzwa kwenye naitrojeni ya maji. Kutia kitu ndani yake bila mtengenezaji kuthibitisha ni kuhatarisha chanjo yenyewe. Nimewasikia vijana wenye inkubeta za mayai mia chache wakiulizana jinsi ya kuchoma mayai kwa mkono, kwa sindano ya duka la dawa. Tafadhali msifanye. Mayai kumi yakioza humo ndani yatawagharimu kuliko vitamini yote mliyookoa.

Baada ya kutotolewa: stata na maji

Kiwango cha chini kilichoandikwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994 ni IU 200 za D3 kwa kilo ya chakula. Kampuni zinazozalisha broila wa leo hupendekeza mara ishirini na zaidi ya hapo, karibu IU 4,000 hadi 5,000 kwenye stata. Pengo hilo linatokana na kuku kukua kwa kasi mno, pia na hali za mabanda zisizofanana na za maabara. Kupandisha zaidi ya hapo si busara. D3 iliyozidi huweka kalsiamu mahali pasipofaa, ikiwemo figo.

Baadhi ya viwanda huongeza 25-hidroksi-D3 kwenye chakula, kwa kawaida mikrogramu 69 kwa kilo. Hoja yao ina msingi. Kifaranga wa wiki ya kwanza bado ni dhaifu katika kumeng'enya mafuta, na D3 ya kawaida hutegemea mafuta ili ifyonzwe, wakati ile ya 25-hidroksi hufyonzwa kirahisi zaidi, hata utumbo ukiwa umeharibiwa na koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Ini nalo linapunguziwa kazi. Kwetu hilo lina uzito wake kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mahindi yenye sumukuvu hushambulia ini, na ini ndilo kituo cha kwanza cha vitamini D. Unaweza kuwa na premiksi safi kabisa na bado ukapata matege, yaani mifupa laini inayopinda, kwa sababu ya mahindi yaliyoanikwa vibaya. Ila kama stata yako tayari ina D3 ya kutosha, mahindi ni salama na utumbo ni mzima, nyongeza ya 25-hidroksi huleta tofauti ndogo.

Vitamini za maji zina nafasi yake: siku mbili tatu za mwanzo baada ya safari ndefu, au kuku walipopunguza kula kwa sababu ya joto au chanjo. Changanya kidogo kidogo, ya asubuhi imwagwe mchana. Lakini kopo halina kalsiamu na fosforasi za kutosha, na mfupa haujengwi kwa vitamini tupu. Soma lebo pia. Makopo mengi yanayoitwa "vitamini" mitaani yana oksitetrasaiklini ndani yake. Hiyo ni antibiotiki, inashikamana na kalsiamu, na ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Kumnywesha kuku mwenye miguu dhaifu dawa inayoshikamana na kalsiamu ni kinyume cha ulichokusudia.

Kuhusu jua nitasema machache. Miaka ya 1920 ilionyeshwa Wisconsin kwamba mwanga wa jua huwaponya vifaranga udhaifu wa miguu, na kuku hutengeneza D3 hasa kwenye ngozi ya miguu isiyo na manyoya. Kuku wa kienyeji anayezunguka uani hana shida hiyo. Broila aliyefungiwa, 10 kwa mita ya mraba, amezibiwa kwa nailoni na maturubai, usimtegemee jua.

Nani achague nini

Kama una hachari yenye mashine ya kuchoma mayai tayari kwa ajili ya chanjo, jaribu 25-hidroksi kwa bidhaa iliyothibitishwa na mtengenezaji wa chanjo. Gawa mayai ya wazazi wa kundi moja sehemu mbili, na pima mifupa ya wiki ya pili na ya tano. Faida kubwa zaidi nitaitarajia kwenye mayai ya wazazi wachanga. Kama mashine huna, usiinunue kwa sababu ya vitamini.

Kama una kuku wazazi wako na inkubeta ya kawaida, fedha yote ya ziada peleka kwenye premiksi ya wazazi. Nunua ile ya kuku wazazi, si ya kuku wa mayai ya kula, kwa sababu yai la kutotolesha linahitaji pia riboflavini, bayotini na manganizi nyingi zaidi. Riboflavini ikipungua kwa mama, mayai hayatotolewi vizuri na vidole vya watoto hujikunja. Manganizi au kolini zikipungua, mshipa wa kisigino huteleza na mguu hugeuka upande. Kwa macho vyote vinaonekana "miguu mibaya", na hakuna hata kimoja kinachoponywa na D3. Angalia na joto la mashine. Umeme unaokatika na kurudi, na joto linalopanda siku za mwisho, hudhoofisha mifupa ya miguu kwa namna ambayo hakuna sindano wala premiksi itakayoifuta.

Kama wewe ni kama mimi, mnunuzi wa vifaranga mia tatu au elfu moja, chaguo lako ni stata pamoja na maswali. Nunua stata ya broila iliyofungwa, yenye tarehe, na umalize gunia ndani ya wiki chache, maana vitamini hupungua nguvu kwenye stoo ya joto. Ukichanganya mwenyewe, tumia DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi) kwa fosforasi, wala usiongeze chokaa kwa jicho. Dagaa wa mchanga wanadanganya, nusu ya "madini" yao yanaweza kuwa changarawe. Soya na pumba zina fosforasi iliyofungwa ambayo kifaranga haifikii bila kimeng'enya cha faitezi, kwa hiyo usiihesabu yote. Bruda, mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, lisitandikwe gazeti tupu, linateleza na miguu hutanuka kabla hata lishe haijahusika. Maranda yanatosha.

Maswali ya kumuuliza wakala ni matatu, na ukiyauliza kila mara hachari itayazoea: wazazi wana umri wa wiki ngapi, wanalishwa premiksi gani, na je, kuna mnunuzi mwingine wa kundi hilohilo aliyelalamikia miguu? La tatu ndilo lenye thamani kuliko yote. Mimi na jirani yangu sasa tunaandika kwenye daftari moja tarehe ya vifaranga, namba ya kundi iliyo kwenye sanduku, na stata ya kila mmoja. Viwete wakitokea kwangu tu, naangalia gunia. Wakitokea kwa wote siku zilezile, tunampigia wakala pamoja.

Siku ya 14 chagua vifaranga wawili, mmoja anayetembea vizuri na mmoja anayechechemea, uwachinje, utoe muundi. Ukivunjika kwa sauti, mfupa una madini na kilema kina chanzo kingine, labda bakteria walioingia kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Ukipinda, ni matege. Upasue pia kwa urefu chini ya goti: gegedu jeupe lililovimba kama kizibo mahali palipopaswa kuwa mfupa ni kasoro ya gegedu la ukuaji, ambayo huonekana sana kwa broila wanaokua haraka, na huko uwiano wa kalsiamu na fosforasi ndio wa kuangaliwa kwanza. Kifaranga mwenye matege aliyegunduliwa siku ya 14 bado anaweza kupona, ukibadilisha stata siku hiyohiyo.